Haki ya Mtu Asiyekuwapo

Miongoni mwa masuala ambayo wanavyuoni wa fikihi na wenye hekima wa Kiyunani wameyapima tangu kale, limo moja lisilo na kelele, ambalo kwa udogo wake aghalabu hupitwa bila ya kusimamiwa, nalo ni hili: mtu atengenezapo kitu kilicho chake mwenyewe, uani mwake, kwa mikono yake, pasipo mwajiri wa kumlipa wala mshitiri wa kumkagua wala shahidi wa kumtazama, je, ana wajibu wa kukitengeneza sawasawa, na kama anao, huwajibika kwa nani? Kazi ya ujira haina utata huo. Fundi aliyepokea fedha ya mtu amefunga mapatano, na mapatano yana pande mbili, na upande uliodhulumiwa unaweza kusimama mbele ya kadhi au hakimu na kudai. Lakini mwenye mali atengenezaye mali yake hana wa kumdai, na aulizwapo kwa nini ameridhika na kazi nusu, neno la kwanza kumtoka kinywani ni kwamba kitu ni changu na shauri ni langu. Nataka kulipima neno hilo, tena nataka kulipimia juu ya jambo ambalo mkaaji wa Chang'ombe hahitaji kuelezwa mara mbili, yaani boneti ya gari iliyokaa upande kwa sababu bawaba zake zimelika.

Chang'ombe yetu, iliyoko Temeke kati ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Kilwa, imezungukwa na kazi za mikono pande zote. Jirani yetu ni Keko na maseremala wake. Hapa hapa pana chuo cha VETA, ambamo vijana hufundishwa ufundi wa magari na uchomeleaji. Na katika vichochoro vya ndani, siku ya Jumamosi, ni nadra kupita nyumba kumi bila ya kukuta gari limefunuliwa na mwenyewe ameinama ndani yake. Magari hayo karibu yote yalikuwa ya watu wengine kabla ya kuwa yetu. Yalitembea Japani miaka mingi, yakapakiwa melini, yakashushwa katika bandari ya Dar es Salaam, yakanunuliwa, yakauzwa, yakauzwa tena, hata yalipofika katika ua wa mtu wa Temeke yalikuwa yamekwisha kubeba tabia za mikono isiyojulikana: mmoja aliyapenda, mwingine aliyafanyia uchoyo wa grisi, wa tatu aliyagonga nguzoni na kuyanyoosha kimyakimya. Naomba msomaji aliweke moyoni jambo hili la mikono isiyojulikana, maana hoja yangu yote itarudi kuliegemea.

Boneti ya gari la kawaida hushikwa nyuma, karibu na kioo cha mbele, na bawaba mbili zilizofungwa kwa bolti. Mbele hushikwa na kufuli yenye hatua mbili, ya kwanza ikiwa ya kuibana barabara, na ya pili ikiwa ndoano ya akiba, ambayo kazi yake ni kuizuia boneti isifunuke endapo ile ya kwanza imeachia. Kila bawaba ina pini inayozunguka katika tundu lake, na pini isiyoonja grisi, ikala vumbi la njia za ndani na unyevu wa hewa ya pwani, ikatikiswa kila siku na mashimo, hulila tundu hilo kidogo kidogo mpaka likapoteza duara lake. Huharibika pia kwa tabia zetu. Mtu huifunga boneti kwa mkono mmoja huku ameikandamiza pembeni. Mwingine husahau kuiondoa fimbo inayoishikilia, akaibamiza kwa nguvu, na kwa kuwa fimbo haikubali kushindwa, kinachopinda ni bawaba au bati la boneti lenyewe. Ndipo dalili huanza kuonekana: nafasi kati ya boneti na fenda, ambayo katika gari zima huwa milimita 4 hivi kila upande, hupanuka kushoto hata kidole kikapenya, na kulia hujifunga hata bati likasugua rangi ya bati, pembe moja ya nyuma huinuka, na kufuli, ambayo zamani ilikuwa ikiitika kwa sauti moja, hutaka kubamizwa mara ya pili na ya tatu.

Hapa ndipo mwenye gari hukutana na njia mbili, na ningependa zifahamike vema, kwa sababu tofauti yake haionekani kwa macho pindi kazi ikiisha. Njia ya kwanza huanzia kwenye shina. Mtu huifungua boneti, akaishika nyuma, karibu na bawaba, akaipandisha na kuishusha taratibu. Bawaba ikicheza juu ya pini yake ilhali bolti zote zimekazwa, basi hakuna marekebisho yatakayodumu, na lililo wajibu ni kubadilisha bawaba zote mbili, moja baada ya nyingine, huku mwenzake ameishika boneti isianguke juu ya kioo. Zikiwa bado nzima, huchora kwa chaki mahali bawaba zilipokaa ili ajue alikotoka, akazilegeza bolti bila ya kuzitoa, akaisogeza boneti kiasi cha ukucha, akazikaza kidogo, akaishusha bila ya kuibana, akatazama nafasi ya kushoto na ya kulia, akairudia kazi hiyo mpaka pande mbili zilingane. Baada ya hapo husawazisha kimo cha nyuma, kisha kimo cha mbele kwa kuzungusha zile raba ambazo boneti hulala juu yake, na mwisho kabisa, baada ya yote kukaa, ndipo huigusa kufuli na kuipeleka mahali ambapo chuma cha boneti kitaiingia katikati bila ya kugusa kingo.

Njia ya pili huanzia mwisho. Mwenye gari huiacha bawaba iliyolika, akailegeza kufuli, akaisukuma upande ili iifuate boneti iliyopotoka. Akaziinua raba za upande ulioshuka. Akauweka ubao chini ya pembe iliyoinuka na kuikandamiza mpaka ikalala. Na jioni, ukisimama hatua tatu mbele ya gari lile, utaona boneti imenyooka. Wanavyuoni wa dini hutenganisha elimu ya usuli na elimu ya furui, nao hawajengi tawi pasipo shina. Na sidhani kama nimepata kuona mfano wa wazi zaidi wa tawi lililojengwa hewani kuliko kufuli iliyorekebishwa juu ya bawaba mbovu. Kwani bawaba haikupona. Itaendelea kulika, na boneti itaendelea kusogea, na siku moja chuma chake kitagonga ukingo wa kufuli badala ya kuingia ndani, na kitakachokuwa kimeishika ni ile ndoano ya akiba peke yake. Aibu imeondolewa mahali ilipokuwa ikionekana ikapelekwa mahali palipokusudiwa kuokoa uhai.

Kabla ya kuingia katika hukumu, nina jambo moja la kiufundi ambalo limenifikirisha sana. Katika magari mengi ya Toyota, bolti za bawaba zinazotoka kiwandani zina bega linalojaza tundu lote, hivi kwamba boneti haiwezi kusogezwa hata zikilegezwa. Mwenye kutaka kurekebisha hana budi kuziondoa na kutia bolti za kawaida zenye washa. Kijana mmoja wa mtaani petu, aliyejifunza ufundi huu chuoni, alinikuta nimeshika spana namba 12 uani, akanieleza jambo hilo.

"Shikamoo mzee. Hizo zitakuchosha bure," alisema. "Ni za kiwandani. Hata ukilegeza mpaka kesho boneti haisogei."

"Marahaba, mwanangu. Nikiziondoa, si nitakuwa nimeharibu alichokusudia aliyelitengeneza?"

"Alichokusudia kilishapotea siku gari lilipogongwa, mzee, huko lilikotoka. Sasa ni juu yako."

Sijui kama kijana yule alitambua ukubwa wa alilolisema. Bolti yenye bega hairuhusu kosa, na kwa sababu hiyo hiyo hairuhusu wema. Hushika mahali ilipowekwa, kama malaika ambao twaamini kwamba wameumbwa na utii wasiweze kuasi, na hakuna awasifuye kwa kuchagua. Bolti ya kawaida humwachia mtu milimita chache za hiari, na pamoja na hiari hiyo huja taklifu yote: aweza kuipeleka boneti panapostahiki, na aweza kuipeleka popote. Gari lililokwisha kugongwa limetoka katika hali ya kulindwa likaingia katika hali yetu wanadamu, ambamo unyofu haupatikani ila kwa mtu kuutaka, kuupima na kuukaza.

Sasa nairejea kauli ya mwenye mali. Haki ya mtu katika kitu chake ni haki ya kweli, nami simo katika wale waidharauo. Hata Julius Nyerere, katika maandiko yake ya mwaka 1958 aliyoyaita Mali ya Taifa, alipokuwa akikataa kwamba mtu aweze kuimiliki ardhi kama amilikivyo shati, kwa kuwa ardhi ni atia ya Mungu kwa waja wake wote, hakuikana haki ya mtu juu ya tunda la jasho lake. Gari ni tunda la jasho: alilichuma mwenyewe, au alilinunua kwa alichokichuma. Lakini tazama ajabu ya mali hii. Haina kazi yoyote mpaka itoke nje ya ua na kupita juu ya ardhi isiyo ya mwenyewe, kando ya miili isiyo yake. Boneti iliyolala uani ni shauri la mwenyewe. Boneti ile ile katika Barabara ya Mandela, nyuma ya lori la makontena litokalo bandarini, si shauri lake peke yake tena. Nguvu ya upepo juu yake huongezeka kwa mraba wa mwendo, maana yake mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nguvu ile haizidi mara 2 bali mara 4. Na kwa kuwa bawaba ziko nyuma, boneti ikiachia hufunuka kwa kuelekea kioo, ikamziba dereva macho katika dakika ambayo aliye mbele yake ni mama avukaye na ndoo au kijana wa bodaboda. Mama yule hakufunga mkataba na mtu yeyote. Hakuliona gari lile likitengenezwa, wala hakushauriwa juu ya bawaba.

Torati ya Musa, ambayo Waislamu na Wakristo twaikiri sote kuwa iliteremshwa kwa haki, ina sheria ndogo katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, ambayo naiona ni ya ajabu kwa upole wake: mtu ajengapo nyumba mpya ameamriwa kuizungushia dari yake ukingo, ili damu isiijie nyumba yake endapo mtu ataanguka kutoka juu. Nyumba ni yake, dari ni yake, mawe ni yake, na huyo atakayeanguka hajulikani hata jina, yamkini hajazaliwa; hata hivyo ana haki iliyokwisha kuandikwa katika ujenzi. Fikihi yetu imelieleza jambo hilo hilo katika kaida mashuhuri ya kwamba dhara haina budi kuondolewa, wala mtu hana ruhusa kumdhuru mwingine kwa kisingizio cha kutumia kilicho chake. Kwa hiyo kauli ya kitu changu shauri langu ni sahihi mpaka kwenye lango la ua, na gari ni kitu kisichobaki ndani ya lango.

Mtu mwenye akili atanijibu kwamba hoja ya dhara ni wazi mno, kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imekwisha kukataza vyombo vibovu kuingia njiani, na kwamba askari wapo. Ni kweli. Walakini askari huona kile niliachacho kionekane, na suala langu lilikuwa juu ya kisichoonekana. Hapa naukumbuka mjadala ulio katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato, pale Glaukoni anapoleta habari ya mchungaji wa nchi ya Lidia aliyeokota pete ambayo, akiigeuza kidoleni, humfanya asionekane na mtu. Naye kwa pete hiyo akamharibu malkia, akamwua mfalme, akautwaa ufalme. Glaukoni huuliza ni nani atakayebaki mwadilifu akiwa na pete kama ile. Ukuta wa uani ni pete iliyogawiwa kila mtu. Nyuma yake mmoja hukaza bolti tatu badala ya nne, mwingine hupanua tundu kwa kekee ili bolti ipate kukaa kwa lazima, mwingine hupaka rangi juu ya kutu. Na pindi boneti ikifungwa, hakuna chochote kati ya hivyo kitakachoshuhudiwa.

Jibu la dini kwa mwenye pete ni ihsani, nayo ni mtu kumwabudu Mola wake na kutenda kazi zake kana kwamba anamwona, maana asipomwona, Yeye humwona. Jibu hilo nalikubali kwa moyo wangu wote. Ila nimeona mara nyingi likifahamika vibaya, watu wakimfanya Mwenyezi Mungu kuwa mfano wa mnyapara ambaye jicho lake limevuka ukuta uliowashinda wanyapara wengine, hata mtu akanyoosha kazi yake kwa hofu ya kuonekana tu, kama ambavyo angeinyoosha kwa hofu ya askari. Nadhani maana yake ni ya ndani zaidi. Mola huitazama bawaba ile kwa sababu mwishoni mwake yupo kiumbe wake mwingine, ambaye mimi simwoni lakini Yeye anamwona, na haki yake haikupungua kwa sababu tu hakuwapo nilipokuwa nikifanya kazi. Aliye mbali nami si mbali naye. Kuifanya kazi kwa ihsani ni kukubali kumweka mbele ya macho yangu yule ambaye kwa Mungu yupo daima.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyafikia mambo haya katika Ihyaa Ulumu Din kwa njia ambayo hunishangaza kila niifunguapo, kwa kuwa hakutosheka na maneno makubwa bali alishuka hadi kwenye viatu. Husimulia kwamba mshona viatu mmoja alimwendea mwanachuoni Ibn Salim, akamwuliza atasalimikaje katika biashara yake. Na mwanachuoni yule hakumpa dua wala wirdi, alimpa masharti ya kazi: nyuso mbili za kiatu ziwe sawa, wa kulia usipendelewe kuliko wa kushoto, kijazwacho ndani kiwe kizuri na kiwe kitu kimoja kamili, mishono ikaribiane, na kiatu kimoja kisilazwe juu ya kingine kikafichwa. Nani aliyewahi kuipanga boneti asiyeuelewa wasia huo? Kulia na kushoto ziwe sawa. Kilichomo ndani, kisichoonekana, kiwe kizuri. Kimoja kisifiche kingine. Miaka zaidi ya 900 imepita, na ni masharti yale yale.

Mara baada ya habari ya viatu, Ghazali ataja fatwa ya Imamu Ahmad bin Hanbal wa Baghdad, aliyefariki mwaka 855, nayo ndiyo iliyonifanya niyaandike haya yote. Aliulizwa juu ya kutililia nguo iliyochanika kwa ustadi hata mchaniko usionekane kabisa. Jibu lake lilikuwa na pande mbili: auzaye nguo haimjuzii kuuficha mchaniko, ama fundi, kazi yake ni halali maadamu anajua kwamba mwenye nguo ataudhihirisha, au kwamba nguo ile haikusudiwi kuuzwa. Itazame hekima yake. Hakuukataza ustadi, na angaliukataza tungalikuwa tumeharimishiwa kunyoosha kitu chochote kilichopinda. Aliufungamanisha ustadi na ukweli wa baadaye. Uzuri wa matengenezo si hadaa kwa nafsi yake, bali huwa hadaa pale unapokutana na mshitiri asiyejulishwa. Mwenye nguo asiyekusudia kuiuza ameachiwa nafasi yake: na atililie apendavyo.

Hapo ndipo mwenye gari wa Chang'ombe angependa kujificha, na hapo ndipo mimi, kwa heshima yote niliyo nayo kwa imamu yule, naona kwamba mlango aliouacha wazi kwa mwenye nguo umekuwa mwembamba sana kwa mwenye gari. Nguo huvaliwa mpaka ikaisha mwilini mwa mwenyewe. Gari haliishi hivyo. Nani katika mji huu awezaye kusema kwa yakini kwamba gari lake halikusudiwi kuuzwa? Leo hakusudii, kesho mtoto atafaulu kwenda chuo, au mama ataingia hospitali, na gari litaoshwa na kusimamishwa kando ya njia likiwa na bango la bei kiooni. Na mtu aliyeapa kutoliuza mpaka kufa, je, akifa? Warithi wataligawana, na asiyelitaka ataliuza kwa asiyelijua, na bawaba iliyofichwa uani na baba itauzwa na mwana asiyejua kwamba ilifichwa, naye ataapa kwa ukweli wake wote kwamba gari halina tatizo. Sioni uovu wa siri ulio mbaya kuliko ule unaomfanya mtu mwema aape uwongo pasipo kujua. Katika mji ambamo takriban kila gari limetoka mkononi mwa mtu na litakwenda mkononi mwa mtu, mwenye nalo ni mshika amana aliyepitiwa na mali katikati ya safari yake, na nia ya kutoliuza haiwezi kumhalalishia ghishi kwa sababu si yeye atakayekuwa na neno la mwisho juu ya gari lile.

Kuna tofauti ya kutazamwa baina ya sheria mbili tulizo nazo. Sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyoirithi kwa Waingereza humwachia mshitiri mzigo mkubwa wa kukagua, na aliyekagua kisha akanunua hana nguvu ya kulalamika juu ya kasoro ambayo ukaguzi huo ungeifichua. Fikihi ya Kishafii, ambayo watu wa pwani hii wameifuata karne nyingi, humpa mshitiri hiari ya kurudisha kitu kwa sababu ya aibu iliyokuwamo kabla ya kukipokea, na humwambia muuzaji kwamba kunyamaza kwake ni dhambi. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni Madina na kukuta unyevu ndani yake, mfanyabiashara alitoa udhuru wa mvua, nao pengine ulikuwa udhuru wa kweli. Asiokuwa nao ni udhuru wa kuuweka unyevu chini na ukavu juu.

Nimefika kwenye jambo ambalo wenye kuhubiri unyofu hulikwepa, nalo ni ufukara. Bawaba mbili, hata zikiwa zilizokwisha kutumika, zina bei, na wapo ambao gari ndilo chakula chao cha leo, na fedha ya bawaba ni fedha ya unga. Je, nitawaambia wameshindwa dini kwa kushindwa kununua chuma? Hasha. Njiani Temeke huonekana magari ambayo boneti yake imefungwa kwa kamba ya katani au waya, imepitishwa mbele ya taa na kukazwa kwenye bampa, na wapo wanaoicheka. Mimi siicheki. Kamba ile ni ukiri. Humwambia anayepita kwamba hapa pana upungufu, humwambia dereva aendeshe polepole, humwambia mshitiri aulize. Na juu ya yote huishika boneti kweli kweli, jambo ambalo kufuli iliyosukumwa upande haiwezi kulidai. Aliyefunga kamba ameuweka unyevu juu ya lundo. Gari lake ni bovu, naye apaswa kulitengeneza Mungu akimjaalia, tena askari akimsimamisha hatakuwa amemwonea. Lakini baina yake na yule mwenye boneti iliyonyooka juu ya pini zilizolika, sina shaka ni yupi ambaye hajamdhulumu mtu.

Limebaki suala la yule aliyetengeneza kwa haki, kisha siku ikafika akauza. Je, awajibika kusema kwamba boneti iliwahi kupotoka? Wanavyuoni wamesema kwamba aibu ikiondoka, hiari ya kurudisha huondoka pamoja nayo, na hukumu hiyo naiona ina insafu: bawaba mbili mpya zimefungwa, pini zimetiwa grisi, nafasi ya kulia na ya kushoto zimelingana, kufuli huitika mara moja, basi hakuna aibu iliyobaki ya kutangazwa, wala mtu hakutakiwa kuwa mwandishi wa historia ya kila bolti. Ila ni lazima kwanza awe na yakini kwamba aibu ilikuwa katika bawaba. Anyooshe utepe wa kupimia kwa mshazari, kutoka pembe ya nyuma ya kushoto ya chumba cha injini hadi pembe ya mbele ya kulia, kisha kutoka nyuma kulia hadi mbele kushoto. Vipimo viwili vikilingana, bawaba ndizo zilizokuwa na kosa, na kosa limekwisha. Vikitofautiana, basi kilichopinda ni fremu yenyewe ya mbele, na bawaba mpya, hata zikifungwa kwa uaminifu gani, zitakuwa zimeutililia mchaniko usionekane. Mwenye gari hilo, mshitiri asimamapo mbele yake, amfungulie boneti, ampe ule utepe ashike ncha moja, na wapime pamoja kabla ya bei kutajwa.